Amani au Lushoto? Kuchagua upande wa Usambara kwa msimu na kwa historia

Kikundi cha wapenda mazingira kikikaa kupanga safari ya milima ya Usambara, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, mjadala hugawanyika mapema. Kuna watu wa Amani na kuna watu wa Lushoto. Wa Amani watakusimulia ndege, vinyonga na miti ambayo huwezi kuikumbatia hata mkiwa watatu. Wa Lushoto watakusimulia baridi, mandhari ya Irente, ukingo wa mlima karibu na mji, na njia inayopinda kutoka Mombo, chini ya mlima. Wote wanasema kweli, ndiyo maana hakuna anayemshawishi mwenzake.

Ushauri wangu ni kuacha kuulizana wapi kuzuri zaidi. Semeni kwanza mnasafiri mwezi gani. Kisha semeni mnataka kusikia historia gani: ya mimea na waliokuja kuichunguza, au ya watu, watawala wao na ardhi. Mkishajibu hayo mawili, mara nyingi upande wa kwenda unabaki mmoja.

Jina moja, milima miwili

Wageni wengi hudhani Usambara ni mlima mmoja wenye miji miwili. Katikati lipo bonde la Lwengera, na pande hizi mbili hazifanani. Usambara ya Mashariki, iliko Amani, iko wilaya ya Muheza, karibu na bahari. Amani yenyewe iko kwenye mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Upepo kutoka Bahari ya Hindi ukigonga milima hii humwaga mvua hapo hapo, na Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Usambara ya Magharibi, iliko Lushoto, imekaa ndani zaidi na juu zaidi: mji uko kwenye mita 1,400 hivi, na vilele vya juu vinapita mita 2,200. Mvua ya mjini Lushoto ni kama nusu ya ile ya Amani.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mambo mengi. Amani ni joto la unyevu, ukungu wa alfajiri, udongo mwekundu unaoteleza na kijani kisichokauka. Lushoto ni baridi, hewa nyepesi, mashamba ya mboga yaliyopanda hadi mabegani mwa milima, na msitu ulioachwa juu kileleni. Pande zote mbili ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Misitu yake imedumu kwa mamilioni ya miaka kwa sababu bahari haikuacha kuipelekea unyevu hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Ndiyo sababu huku kuna viumbe ambao huwakuti kwingine popote.

Miezi

Nianze na masika, kwa kuwa ndiyo inayowaharibia wengi safari. Kuanzia Machi hadi Mei, msiende Amani kama kikundi. Mtafiti mwenye wiki tatu na gari la kupanda milima aende, lakini basi dogo lenye watu ishirini litakwama. Barabara ya kutoka Muheza kupitia Zigi, lango la hifadhi lililo chini ya mlima, ina vipande ambavyo mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, hata bodaboda wanashuka na kusukuma. Lushoto katika miezi hiyo inafikika, maana barabara ya Mombo hadi mjini ni ya lami, ingawa mara nyingine mawe na udongo huporomoka. Tatizo la Lushoto wakati wa masika ni kwamba mtafika Irente mkute ukuta mweupe wa ukungu, na mtarudi mmeona mawingu tu.

Juni hadi Agosti, kipupwe, ndipo Lushoto inapokuwa Lushoto. Asubuhi anga hufunguka, njia hukauka, na kutembea siku nzima hakuchoshi kama kutembea kwenye joto. Lakini baridi si hadithi. Usiku kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10, na mtu wa Dar aliyekuja na kanga moja na fulana hulala amevaa nguo zote alizobeba. Amani katika miezi hiyo hiyo ni baridi kidogo tu, yenye manyunyu ya mara kwa mara. Njia zinapitika, ndege wapo, lakini wengi wamenyamaza. Faida ya upande wa Muheza wakati huo ni machungwa. Msimu mkubwa unaanza, na kandokando ya barabara kuu yanarundikwa kwa bei inayomfanya mtu wa mjini anunue gunia bila kufikiri atalibebaje.

Upande wa Magharibi kuna kitu ambacho ratiba nyingi zinakisahau: mvua ndogo za Agosti na Septemba, ambazo Washambaa huziita mluati. Si kubwa, wala haziharibu safari, lakini mkulima wa Lushoto huzitegemea, na mgeni anayedhani Agosti ni kiangazi kitupu hushangaa kuloa. Bebeni koti la mvua hata kama mtabiri wa hali ya hewa wa Dar amewahakikishia jua.

Septemba na Oktoba ndiyo miezi ambayo mimi ningemchagulia mtu anayekwenda Amani mara ya kwanza. Barabara imekauka, ndege wanaanza msimu wa kuzaliana na hivyo wanaimba, na mwongozaji mwenye sikio zuri atakuonyesha kwa saa moja kile ambacho Julai kingekuchukua siku nzima. Upande wa Lushoto miezi hiyo ina kasoro yake. Nyika iliyoko chini huwa na vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, kwa hiyo mandhari ya mbali hufifia. Msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, hauathiriki sana, lakini aliyekuja kwa ajili ya kutazama mbali atasikitika.

Novemba na Desemba, vuli ikishashika, chagueni kwa ujasiri wenu. Huu ndio wakati wa vyura, vinyonga na maua, na Amani haishindiki. Ni wakati pia wa kuloa kila siku saa nane mchana. Lushoto kuanzia Desemba hadi Februari ni msimu wa matunda ya baridi: plamu, mapeasi, mapichi, yakiuzwa kwa ndoo Soni na Mombo. Januari na Februari ni joto pande zote mbili. Amani inapitika vizuri, na wenye likizo fupi ya mwaka mpya wanaweza kuitumia bila wasiwasi mkubwa.

Amani: historia iliyopandwa

Mtu anayefika Amani bila kuambiwa kitu huona msitu mzuri na nyumba za zamani zenye mapaa makubwa. Akiambiwa, anaanza kuona kwamba nusu ya miti iliyo mbele yake ililetwa.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann. Lengo lilikuwa kujua ni mazao gani ya kutoka pembe zote za dunia yatakayoipa koloni faida. Walipanda mipira, mikwinini, mikafuri, midalasini, mianzi ya aina nyingi, miti ya mbao ya Asia na Amerika. Bustani ile ilienea katika mamia ya hekta, kutoka mabonde ya chini hadi juu mlimani, ili kila mmea ujaribiwe kwenye kimo tofauti. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoikatia koloni meli za kutoka Ulaya, Amani ikageuzwa karakana: kwinini ya askari na bidhaa nyingine nyingi zilizokuwa hazipatikani zilitengenezwa hapa hapa. Waingereza walipochukua nchi waliifufua taasisi hiyo miaka ya 1920 ili itumikie makoloni yao ya Afrika Mashariki, kabla ya kazi ya kilimo kuhamishiwa Muguga, Kenya, na Amani kukabidhiwa watafiti wa malaria.

Mkonge haukuanzia Amani, ingawa wengi hudhani hivyo. Uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, miche ikitokea Florida kupitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mtakuwa mmeipita uzao wake kwa kilomita nyingi kabla ya kufika Muheza, kwa hiyo ni vizuri mwongozaji awape kisa hicho mkiwa bado garini.

Historia ya Amani huwezi kuisoma kwenye ubao tu. Inatembea na kuota. Mfano ni miti miwili. Wa kwanza ni msambu, *Allanblackia stuhlmannii*, mwenyeji wa milima hii, wenye matunda makubwa kama mito ya kulalia ambayo mbegu zake hutoa mafuta mazito. Jina lake la kisayansi linamkumbuka Stuhlmann. Wa pili ni *Maesopsis eminii*, unaokumbuka jina la Emin Pasha, mpelelezi wa Kijerumani wa enzi hizo, ambaye Stuhlmann alisafiri naye kwenda maziwa makuu mwaka 1890. Huu ni mti wa upande wa magharibi ya mbali, ulioletwa Usambara kwa ajili ya mbao na kivuli. Hondohondo waliyapenda matunda yake, wakayala na kuzitawanya mbegu msituni, na sasa popote palipofunguka, kwa mti kuanguka au kukatwa, ndio unaowahi. Simama mahali ambapo miti hiyo miwili inaonekana pamoja na utaelewa Amani kuliko ukisoma kurasa kumi.

Kuna pia ua ambalo lilitoka hapa likaenda madirishani mwa Ulaya. Mwaka 1892 hivi, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliona mimea midogo yenye maua ya zambarau kwenye miamba yenye kivuli, akaipeleka kwao. Mwaka 1893 ikapewa jina *Saintpaulia ionantha*. Leo inauzwa katika vyungu kwa mamilioni ya watu ambao hawajui Muheza iko wapi. Ukitaka kuiona kwake, tafuta miamba yenye kivuli na unyevu karibu na vijito, katika kimo cha Zigi na chini yake, hasa mvua zikiwa zimenyesha. Msing'oe. Idadi yake porini si kubwa, na mgeni anayeondoka na mmoja mfukoni anaupunguza msitu kweli.

Zigi penyewe pana kumbukumbu ya reli. Wajerumani walijenga njia nyembamba kutoka Tengeni, iliyojitenga na reli ya Tanga, kwa ajili ya kushusha magogo, na nyumba ya mkuu wa stesheni ndiyo leo inayopokea wageni wa hifadhi. Kwa miongo mingi baada ya hapo magogo yaliendelea kushuka kwa namna nyingine. Miaka ya 1970 na 1980 msitu ulivunwa kwa mashine zilizotokana na msaada wa Ufini, kelele zikawa nyingi, uvunaji ukasimamishwa, na Ufini hiyo hiyo ikaja kufadhili hifadhi. Mwaka 1997 Amani ikawa hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza Tanzania, yenye hekta 8,380 hivi.

Lushoto: mfalme, mvua na matuta

Historia ya upande wa Magharibi ni ya watu. Washambaa husimulia kwamba Mbegha, mwindaji kutoka milima ya Ungulu, aliwafikia akiwa na mbwa wake na nyama nyingi, akawagawia nyama ya nguruwe wa msituni nao wakampa chakula cha shambani. Akamuua simba, akapewa utawala. Kutoka kwake ukaja ukoo wa Wakilindi, na makao yao makuu yakawa Vuga, juu ya mgongo wa mlima unaoelekea Soni.

Mkubwa kuliko wote alikuwa Kimweri ye Nyumbai. Enzi yake ilishuka hadi pwani, kiasi kwamba wakuu wa miji kati ya Tanga na Pangani walihitaji kukubaliwa naye na pia na Sultani wa Zanzibar. Mmisionari Krapf alimfikia Vuga mwaka 1848, akarudi 1852. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke wakafika mwaka 1857. Kilichowashangaza wageni hao ni jinsi mtawala alivyohesabiwa kuwa ndiye mwenye mvua. Nchi ikishiba, ni kwa sababu ya nguvu yake. Njaa ikiingia, watu walimwangalia yeye. Kwa kikundi kinachosoma misimu, hili ndilo jambo la kukaa nalo. Huku mvua haikuwa hali ya hewa pekee. Ilikuwa pia kipimo cha uhalali wa serikali.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na kiti akakirithi mjukuu wake. Semboja, mwana wa Kimweri, hakukubali. Yeye hakukaa juu mlimani bali Mazinde, chini nyikani, kwenye njia ya misafara ambako pembe za ndovu zilipita na bunduki zilinunuliwa. Mwenye njia akamshinda mwenye mlima, Vuga ikashambuliwa, na Wabondei wa upande wa Muheza wakaitumia nafasi hiyo kuwaondoa Wakilindi kwao. Ukitaka kisa hiki kiingie watu kichwani, kisimulieni mkiwa Irente. Mwamba unakatika, na chini kabisa, kama mita elfu moja, ipo Mazinde. Mtu anaona kwa macho yake kwa nini aliyeko chini, karibu na biashara, aliweza kumtisha aliyeko juu. Waongozaji wengi hupeleka watu Irente kwa picha, wakaipita hadithi nzima iliyoko miguuni pao.

Kisha wakaja Wajerumani. Mji wakauita Wilhelmstal, kwa jina la Kaizari wao. Reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na walowezi wakapanda na mifugo na mbegu zao. Juu Shume kulikuwa na misitu ya mwangati, mti wenye harufu nzuri uliotakiwa kwa mbao na kalamu za risasi. Ili kuyashusha magogo hayo kwenye miteremko isiyopitika, walijenga njia ya waya kutoka huko juu hadi Mkumbara, kando ya reli. Kwa hiyo msitu uliobaki Magamba na Shume ni mabaki, na ni vizuri kuutembelea mkijua hivyo.

Sehemu ninayoiona muhimu kuliko zote, na inayotajwa kidogo kuliko zote, ni ya bonde la Mlalo. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianza mradi wa kuzuia mmomonyoko katika bonde hilo, na baadaye kuueneza Usambara. Watu walilazimishwa kulima matuta mashambani mwao. Kitaalamu hoja ilikuwa na msingi, kwani milima ilikuwa inachuruzika udongo. Lakini kazi ilikuwa nzito, wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa yake, na watu walihofu kwamba shamba lililoguswa na serikali litachukuliwa. Chuki dhidi ya matuta iliwapa wanasiasa wa uhuru wafuasi wengi, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mradi ulikufa. Leo ukitembea Mlalo au Lukozi utaona makinga maji na majani ya malisho yaliyopandwa kwa hiari kwenye mashamba ya watu ambao babu zao walikataa. Kikundi chochote cha mazingira kinachotaka kufanya kazi na wakulima kingefaidika kwa kulala usiku mmoja Mlalo na kuwauliza wazee.

Wanyama na ndege, kwa haki

Hapa Amani inashinda, nami sioni sababu ya kulainisha maneno. Msitu wake una bundi mkubwa wa Usambara, *Bubo vosseleri*, aliyepewa jina la Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama wa taasisi ile ya Kijerumani. Una shonanguo mwenye mdomo mrefu, *Artisornis moreaui*, ndege mdogo wa kijivu ambaye watu huvuka mabara kumtafuta. Yumo chozi wa Amani, ambaye pia yupo Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani ya Kenya, kwa hiyo wenzetu wa Malindi na Watamu wana mahali pengine pa kumwona. Yumo chura mdogo, *Nectophrynoides tornieri*, asiyetaga majini bali huzaa vyura wadogo waliokamilika. Vinyonga wenye pembe mbili na wenye pembe tatu huonekana kwa urahisi usiku, maana mwanga wa tochi huwafanya weupe juu ya matawi. Kwa wale waliolelewa kuamini kinyonga ni nuksi, tembea usiku mmoja na mwongozaji na utabadilisha mtazamo, au angalau umbali wa kumkimbia.

Magamba nayo si maskini. Hifadhi ina zaidi ya hekta 9,000, mbega na kima wamo, na msitu wa juu wenye mikulo na ndevu za kuvu-mwani unaoning'inia ni tofauti kabisa na ule wa Amani. Yupo ndege mmoja, *Sheppardia montana*, anayeishi Usambara ya Magharibi tu. Lakini ni msitu wa watu wenye subira, kwani wanyama wake hawajionyeshi kirahisi, na anayekuja na watoto wanaotaka kuona kitu kila dakika tano atapata shida.

Kuhusu vipepeo: karibu na Zigi kuna wanavijiji ambao tangu mwaka 2003 walifuga vipepeo na kuuza pupa kwa mabanda ya maonyesho ya Ulaya na Marekani, ili msitu uwe na faida ukiwa umesimama. Biashara hiyo iliumizwa sana serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016. Ulizieni mkifika. Banda lenye vipepeo hai ni kitu ambacho watoto hawasahau, na kiingilio kinakwenda kijijini.

Njia, kulala, kula

Lushoto ni rahisi. Mabasi kutoka Dar, Tanga na Arusha yanafika, nyumba za wageni ziko za kila bei, hospitali ipo, benki ipo. Mtu wa miaka sabini anaweza kufika Irente kwa gari na kutembea hatua chache. Chakula ni kingi: maharage, viazi, karoti, kabichi, na mshunga kwa wanaovumilia uchungu wake. Mashamba ya kanisa karibu na Irente huuza jibini na mikate, na watawa wa Sakarani hutengeneza divai. Mnaotaka kutembea siku tatu au nne mnaweza kwenda kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa, ambako siku ya wazi Kilimanjaro huonekana ng'ambo ya nyika ya Mkomazi.

Amani inataka maandalizi. Malazi ni machache na ya kawaida, yaliyo mengi ni nyumba za zamani za taasisi na hifadhi. Maduka ni madogo, kwa hiyo nunueni mchele, mafuta na betri Muheza. Mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Kwa upande mwingine, ukiwa Tanga mjini unaweza kwenda Zigi asubuhi na kurudi jioni, kitu ambacho huwezi kukifanya kwa Lushoto bila kuchoka. Mkiwa Muheza ombeni bada, ugali wa muhogo wa Wabondei, kwa samaki wa pwani. Kwa wanaotoka Mombasa kupitia Horohoro, Amani iko njiani, na Lushoto ni safari nyingine.

Hifadhi zote mbili ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Viingilio hubadilika, na mkazi, mgeni wa Afrika Mashariki na mgeni wa nje hawalipi sawa, kwa hiyo pigeni simu ofisini kabla ya kukusanya michango. Ombeni mwongozaji kwa jina la kazi mnayotaka: wa ndege, wa mimea, au wa historia. Mara nyingi si mtu mmoja.

Basi nani aende wapi

Kikundi kipya, chenye wazee, watoto na watu ambao hawajawahi kutembea msituni: Lushoto, kati ya katikati ya Juni na Julai. Msiongeze vituo vingi. Irente na kisa cha Semboja siku ya kwanza, Magamba siku ya pili, soko la mjini asubuhi ya kurudi.

Kikundi cha ndege na wadudu, au walimu wa baiolojia: Amani, Septemba na Oktoba. Lala usiku wa kwanza Zigi, chini kwenye joto, kisha panda juu. Viumbe wa mita 400 na wa mita 900 si wale wale, na wanaokimbilia juu moja kwa moja hukosa nusu ya orodha.

Wapenda vyura, maua na wapiga picha wasioogopa matope: Amani tena, mwishoni mwa Novemba, wakiwa na mabuti ya mpira na soksi ndefu za kuzuia siafu.

Wanaopenda historia zaidi ya msitu: hapa nagawanyika. Akili yangu inasema Lushoto, kwa sababu ya Vuga, Mazinde na Mlalo, na kwa sababu wenye historia hiyo bado wapo na wanazungumza. Lakini kama kikundi kina watu wa kilimo au famasia, Amani itawapa cha kubishania hadi wafike nyumbani.

Wenye siku tano au zaidi wasichague. Waanzie Lushoto, kisha washuke Mombo, wapite Korogwe na Segera, waingie Muheza na kupanda Amani. Mpangilio huo ni bora kuliko kinyume chake kwa sababu mbili. Mtu aliyezoea baridi ya Lushoto huiona Amani kuwa na joto la kupendeza badala ya unyevu wa kero. Na mvua ikianza mapema, mtakuwa tayari mmeshuka kutoka upande ule, na ofisi ya hifadhi Muheza au Zigi itawaambia kama barabara ya juu inapitika kabla hamjalipa chochote.